Tunambana Fundi, Tunavujia Kwenye Msingi

Fedha za kahawa zinapoanza kuingia katikati ya mwaka, hakuna mtu anayetafutwa Karagwe na Kyerwa kama fundi uashi. Simu yake inaita mpaka inakata. Jumatatu kapima msingi Nkwenda, Jumatano yuko Isingiro kwa mwingine aliyempa kianzio kinono, na Ijumaa mkewe anakwambia kaenda Kayanga kununua kamba. Wewe umebaki na vibarua wawili wanaongoja maelekezo, saruji chini ya turubai, na wingu linajikusanya. Fundi huyohuyo, mwezi wa nne, alikuwa akipita mlango kwa mlango kuuliza kama kuna choo cha kukarabati.

Ningependa mjadala wa gharama za nyumba katika wilaya hizi mbili uanzie hapo, maana kila tukikaa kulalamika tunaanza na saruji. Kweli saruji ina mzigo wake. Mkoa wetu wa Kagera hauna kiwanda cha saruji. Mfuko unaotoka Dar es Salaam umetembea zaidi ya kilomita 1,300 kabla ya kushushwa Omurushaka, na kila kilomita imelipiwa dizeli. Tangu Julai 2023 kuna ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kilo, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50, na VAT ya asilimia 18 iko palepale. Kyerwa ina madini ya bati ardhini yaliyochimbwa tangu enzi za mkoloni, lakini bati za kuezekea, ambazo kwa hakika ni chuma kilichopakwa zinki, zinapanda lori kutoka mbali kama saruji. Hayo mkulima wa Mabira au Kituntu hawezi kuyabadili. Yaliyo mikononi mwake ni matatu: ajenge wapi, ajenge lini, amkabidhi nani. Naamini humo ndimo hela inamopotelea kuliko dukani, na humo ndimo tunamopita macho yakiwa yamefumbwa.

Tuanze na lini. Masika yakiisha mwezi Mei, jua la Juni na Julai ndilo linalokausha tofali mbichi na kuruhusu tanuri lichomwe. Robusta nayo inachumwa na kuanikwa katika miezi hiyohiyo. Septemba vuli inagonga hodi. Kwa hiyo anayetaka kufyatua, kuchoma, kusomba, kupandisha boma na kupaua ana miezi mitatu, na jirani zake wote wana miezi hiyohiyo mitatu. Fundi anapandisha bei, mwenye Fuso ya mchanga anapandisha, kuni za tanuri nazo zinapanda. Hakuna haja ya kuwatukana. Mtu ambaye mwaka mzima anapata kazi ya uhakika kwa miezi mitatu lazima miezi hiyo imlishe mwaka mzima.

Wapo wanaokwepa foleni hiyo kwa njia mbaya zaidi. Wanauza butura: kahawa ingali mbichi mtini, mlanguzi anatoa fedha leo kwa bei anayoitaka yeye. Serikali imekataza butura miaka nenda miaka rudi na bado ipo, kwa sababu ugonjwa na ada ya shule havingoji mnada. Nyumba inangoja. Anayeuza kahawa kabla ya mavuno ili awahi kununua bati amelilipia paa lake mara mbili, na mara ya pili hakupewa risiti. Wanaoisifu mbinu hiyo vijiweni, ukichunguza, wengi ndio wanunuzi.

Kinachowezekana ni kuzigawa kazi. Mawe ya msingi hayahitaji kiangazi. Kokoto zinagongwa mwezi wowote. Shimo la choo huchimbika vizuri udongo ukiwa na unyevu. Bei ya fundi inaweza kukubaliwa mwezi wa nne, kwa maandishi, akapewa kishika uchumba angali ana njaa ya kazi. Na kabla ya msingi wa nyumba, litangulie tangi la maji ya mvua. Watu wa milimani wananielewa. Zege linahitaji kumwagiwa maji kwa muda wa wiki nzima ili likomae, na maji hayo yako bondeni. Anayeyapandisha ni mama wa nyumba na watoto wake, ndoo kwa ndoo, na hakuna daftari la ujenzi ambamo nimewahi kuona ndoo hizo zimeandikwa. Wakichoka, zege linaachwa likauke lenyewe, linapasuka, na lawama zinaenda kwa aliyeuza saruji. Shirika la MAVUNO la Karagwe limejenga matangi ya mvua vijijini kwa miaka mingi likishirikiana na wahandisi wa Kijerumani. Ujuzi wa kujenga tangi upo hapahapa, kinachokosekana ni mpangilio wa kipi kianze.

Sasa nije kwa fundi mwenyewe, maana hapa ndipo tunapojiona wajanja. Katika kujenga hakuna senti tunayoipigania kama hela ya ufundi. Mtu anakubali bei ya duka bila kufungua mdomo, halafu anakaa saa tatu chini ya mgomba akimshusha fundi laki moja na nusu. Akifanikiwa, anatembea kifua mbele hadi nyumbani. Tumpigie hesabu.

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8. Jamvi lake ni mita za mraba 80. Likimwagwa kwa unene wa sentimita 10, zege ni mita za ujazo 8. Kwa mchanganyiko uliozoeleka wa moja kwa mbili kwa nne, kila mita ya ujazo inakula mifuko sita na sehemu, kwa hiyo jamvi zima linameza kama mifuko 51. Sasa mlete fundi wa bei ya chini, asiyejua kutumia mpira wa maji kushika levo, aliyeshindilia kifusi kwa kukirukia rukia. Jamvi lake linatoka na wastani wa sentimita 13. Zege limefika mita 10.4 na saruji mifuko 66. Mifuko 15 imezama chini ya sakafu, pamoja na mchanga wake na kokoto zake, na hakuna mgeni atakayeisifia.

Hajamaliza. Ukuta wake umepinda, kozi moja imeingia ndani, nyingine imetoka nje. Mpiga lipu ndiye atakayeunyoosha, na atanyooshea saruji yako. Lipu iliyopaswa kuwa ya sentimita moja na nusu inakuwa ya tatu. Kwenye kuta za mita za mraba 250, ndani na nje, nyongeza hiyo ni karibu mita za ujazo 4 za chokaa ya saruji na mchanga, yaani zaidi ya mifuko 20. Jumlisha na ile 15, zidisha kwa bei ya duka la jirani yako, kisha toa laki moja na nusu uliyookoa chini ya mgomba.

Namna ya kulipa nayo ina hila zake. Ukimlipa fundi kwa kutwa, tofali moja linapapaswa kama mtoto mchanga. Ukimlipa kwa idadi ya tofali, anakimbia, viungo vinakuwa vinene kama kidole gumba na hakuna anayekumbuka timazi. Ukimpa boma zima kwa bei moja na nusu ya hela mkononi, umeagana naye. Mimi nasimama na malipo ya hatua: msingi ukikaguliwa, analipwa msingi, lenta ikifungwa, analipwa ukuta, paa likikamilika, analipwa paa. Na sehemu ya mwisho, tuseme sehemu moja ya kumi, ibaki kwako mpaka vuli ipite. Serikali inafanya hivyo kwa makandarasi wake na kukiita kipindi cha matazamio. Kwa nini mjane wa Bweranyange asiwe na matazamio yake? Nyumba iliyopauliwa Agosti itakuwa imeonja mvua ya kutosha kufikia Desemba, na paa linalovuja halihitaji shahidi mwingine. Fundi mzuri hatakataa, ila atataka jambo moja la haki: hiyo sehemu ya kumi ilipwe kweli. Tumewazoesha mafundi kudhulumiwa malipo ya mwisho, ndiyo maana wanajilipa mwanzoni.

Kuna jambo jingine la nguvukazi ambalo huku mpakani tunalisema kwa sauti ya chini. Vibarua wengi wa mashamba na wa ujenzi wametokea Burundi na Rwanda. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, maelfu waliondoka, na waliozoea kupata mtu wa kusomba tofali kwa bei ya chini waliona pengo. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya 2015 inataka kibali cha kazi. Lakini bado yupo mwenye nyumba anayemtafuta kibarua kutoka ng'ambo makusudi, kwa kuwa siku ya malipo ikifika hana pa kwenda kushtaki. Huo ni wizi, hata kama ukuta umesimama wima.

Kwenye ardhi tuna kiburi cha wenye nyumbani. Tunasema Karagwe ardhi ipo, tofauti na Bukoba walikobanana. Ipo, lakini imesimama. Kiwanja kinachouzwa bei ya kutupa mara nyingi kiko ubavuni mwa mlima, na mlima unadai chake. Rudi kwenye nyumba yetu ya mita 10 kwa 8. Kama ardhi inashuka mita moja kila mita 10, na nyumba imewekwa upande wake mrefu ukishuka mlima, msingi wa chini utapanda mita nzima kuliko wa juu, na ndani yake zitahitajika mita za ujazo 40 za kifusi kilichoshindiliwa. Igeuze nyumba, upande mrefu ukingame mteremko badala ya kuufuata, kifusi kinashuka hadi mita 32. Kugeuza tu, bila kununua kitu, kumeokoa mita nane za kifusi na mawe ya ukuta wa kukishikilia. Uamuzi huo unafanyika asubuhi moja, kwa mambo na kamba, na kwa kawaida unafanywa na fundi peke yake, mwenye nyumba akiwa ameketi dukani anasubiri chenji.

Kisha kuna njia. Tangu lami ya Kyaka hadi Bugene ikamilike, tofauti imekuwa wazi: kando ya lami kiwanja ni ghali na tripu ya mchanga ni nafuu, ukiingia ndani, kiwanja ni nafuu na tripu inakula tofauti yote. Barabara ya kutoka Omugakorongo kupitia Kigarama hadi Murongo, ambayo watu wa Kyerwa wameingoja lami yake muda mrefu, ni sehemu ya bei ya kila tofali la Kaisho. Mahali ambapo lori halifiki, mzigo unashushwa barabarani na kupandishwa kwa pikipiki, kisha kichwani. Anayenunua kiwanja aende akakione mvua ikinyesha, atazame kama gari lenye mzigo linafika. Bei ya kiwanja inalipwa mara moja, lakini njia yake inalipwa kwa kila mfuko, kila bati na kila debe.

Yote haya ni madogo mbele ya ardhi yenye mwenyewe mwingine. Kibanja kwetu si shamba tu. Ndani yake wamezikwa babu na bibi, na ukoo unajiona una neno hata baada ya mmoja wao kuuza. Kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliutambua mkono huo wa ukoo. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililotokea huku Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Tunalikumbuka shauri hilo kwa ushindi wa wanawake, na ni sawa. Mnunuzi alitazame na kwa jicho la pili: ndugu aliyepinga aliachiwa nafasi ya kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei ya mauzo. Fikiria umeshamwaga jamvi.

Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa na muuzaji na mnunuzi na kushuhudiwa na mwenye baa haitoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka juu ya ardhi ya kijiji, na hati ya hakimiliki ya kimila inapatikana kwa mwenye subira. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo saini ya mke au mume wa muuzaji si hisani. Mbele ya halmashauri ya kijiji, waite majirani wa pande zote nne, waite wakubwa wa ukoo, na wakisita, ondoka na hela yako. Shauri moja kwenye baraza la ardhi, na nauli zake za kwenda na kurudi, linaweza kumeza bei ya paa.

Nani basi akabidhiwe kazi? Mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, ana daraja lake, kuanzia la kwanza hadi la saba, na ana mahali pa kushtakiwa. Kwa nyumba ya mkulima wa Rwambaizi ni mzigo mkubwa, kwani bei yake imebeba kodi, ofisi na mishahara. Waliopo mjini wanachagua njia nyingine. Wako Dar au Mwanza, wanatuma kwa M-Pesa, na baba mdogo anasimamia. Tunamsema sana baba mdogo kuwa anakula hela. Wengine wanakula kweli. Lakini hata baba mdogo mwaminifu hajui kama zege ni moja kwa nne au moja kwa nane. Anajua kuhesabu mifuko iliyoingia, na uaminifu wake unaishia hapo. Umempa kazi ya ukaguzi mtu uliyempenda badala ya mtu anayejua.

Ushauri wangu ni fundi mkuu wa hapahapa, aliyejenga nyumba unayoweza kwenda kuigusa ikiwa na miaka mitano, na pembeni fundi sanifu anayelipwa kuja mara tatu tu: msingi unapopimwa, lenta inapofungwa, paa linapopandishwa. Miji mikubwa imezoea kutaka cheti. Huku cheti ni nyongeza nzuri, na VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia mtaani. Mkoa una chuo kipya Burugo, Bukoba, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa 2022. Fundi aliyejifunza kwa baba yake na kukubali kwenda kupimwa ndiye ningempa funguo za stoo.

Lenta nimeitaja mara kadhaa kwa sababu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa au kupasua maelfu ya nyumba, hasa Bukoba na Missenyi. Karagwe tulitikiswa tukasalimika kwa kiasi kikubwa, na miaka imetusahaulisha. Ukuta wa tofali uliounganishwa kwa tope, bila mkanda wa zege wenye nondo kuuzunguka juu, hauna kinachoufunga pamoja ardhi ikicheza. Mwenye nyumba anapoishiwa, nondo za lenta ndizo anazozipunguza kwanza, kwa kuwa hazionekani. Ningeona bora apunguze chumba.

Kuna mahali ambapo hesabu zote hizi zimeshafanywa, zikaandikwa na kupigwa mhuri. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, kila darasa milioni 20, kwa kutumia mafundi wa jamii chini ya utaratibu wa force account. Bei ilikuwa moja kwa nchi nzima, kana kwamba saruji inayoshushwa Kibaha na inayopandishwa Murongo zimepanda gari moja. Kazi zilitakiwa ziishe kabla ya Januari, mafundi wakagombewa, na malalamiko ya saruji kupanda bei yakasikika kila kona. Pamoja na hayo, kila shule iliacha nyuma majedwali: mawe kiasi gani, saruji mifuko mingapi, fundi alilipwa nini kwa kila hatua, usafiri hadi kata ile ulikuwa shilingi ngapi. Hizo ni bei za kweli za Karagwe na Kyerwa, na zimekaa kwenye mafaili ya halmashauri, Kayanga na Kyerwa, huku wananchi wakikisia.

Ombi langu kwa wakurugenzi wa halmashauri hizi mbili ni dogo. Kila mwaka, kabla ya Mei, bandikeni kwenye ubao wa ofisi ya kila kata bei hizo za ufundi na usafiri, zikiwa zimeboreshwa kwa miradi ya mwaka uliopita. Na mhandisi wa halmashauri apangiwe ada inayojulikana, ndogo, yenye stakabadhi, ya kwenda kukagua msingi na lenta ya nyumba ya mwanakijiji anayemwomba. Msimu wa kahawa haujawahi kuchelewa kwa sababu ya kikao.